Skrini kubwa isikuumize shingo

WATU wengi wanaojifunza urubani, pamoja na wale wanaopenda tu mambo ya ndege, siku hizi hurusha ndege wakiwa chumbani mwao. Huwa na kompyuta, usukani wa kuongozea ndege na programu inayoiga safari ya angani, kama vile Microsoft Flight Simulator au X-Plane. Mtambo wa namna hii huitwa simuleta. Jijini Nairobi, ambako uwanja wa ndege wa Wilson una shule kadhaa za urubani, si ajabu kumpata mwanafunzi akirudia usiku nyumbani yale aliyofunzwa angani asubuhi. Saa moja ya ndege halisi hulipiwa maelfu ya shilingi. Saa moja ya simuleta hulipiwa umeme tu.

Hakuna ubaya wowote katika mazoezi hayo. Hata hivyo, baadhi ya watu hao hufika kwa daktari wakilalamika kwamba shingo inauma, kichwa kinawagonga, macho yanawasha na wakati mwingine wanahisi kutapika. Ukiwauliza maswali zaidi, mara nyingi utagundua kwamba taabu ilianza baada ya kubadilisha vitu viwili: waliondoa skrini ndogo wakaweka kubwa, na wakaanza kutumia kifaa cha kufuatilia mwendo wa kichwa.

Kila kimoja kati ya vitu hivyo, kikitumiwa vyema, kinaweza kuupunguzia mwili kazi. Taabu huja wakati skrini kubwa inapowekwa mahali palepale palipokuwa na ile ndogo, na kifaa cha kichwa kikaachwa na vipimo vya zamani. Hapo mwili hulazimika kujikunja ili ulingane na mashine, ilhali ni mashine inayofaa kurekebishwa ili ilingane na mwili.

Kifaa chenyewe

Ndani ya ndege halisi, rubani hugeuza kichwa mara kwa mara. Hutazama kushoto kuona kama kuna ndege nyingine, hutazama nyuma ya bega kuona njia ya kutua iko wapi, kisha hurudisha macho kwenye mita zilizo mbele yake. Nyumbani, dunia yote iko ndani ya skrini iliyo mbele. Ukigeuza uso kuelekea dirishani, utaona pazia lako tu.

Kifaa cha kufuatilia kichwa hutatua jambo hili. Kamera ndogo huwekwa juu ya skrini, nayo hutazama alama zilizobandikwa kwenye kofia yako au taa ndogo zilizofungwa kwenye vipokea sauti vya masikioni. Kompyuta hutumia alama hizo kukadiria uso wako umeelekea wapi, kisha huigeuza picha kwenye skrini. Kifaa kinachojulikana sana ni TrackIR cha kampuni ya NaturalPoint ya Marekani, ambacho kamera yake hupiga picha 120 kwa kila sekunde. Wasioweza kugharimia kifaa hicho hutumia programu ya bure iitwayo opentrack, ambayo inaweza kufanya kazi hata kwa kamera ya kawaida ya kompyuta.

Siri ya kifaa hiki ni kwamba hukuza mwendo wa kichwa. Wasomaji watakumbuka kipimo cha pembe tulichofunzwa shuleni: kugeuka kutoka mbele hadi ubavuni kabisa ni nyuzi 90. Kama ungelazimika kugeuza kichwa nyuzi 90 ili uone bawa la ndege, usingeiona skrini tena. Kwa hivyo kifaa hupangwa ili ukigeuza kichwa nyuzi 15 pekee, picha igeuke nyuzi 90 au zaidi.

Wengine huuliza kama miale isiyoonekana inayotumiwa na vifaa hivi huumiza macho. Ni miale ya aina ileile inayotoka kwenye rimoti ya runinga, nayo ina nguvu ndogo. Hiyo isiwe sababu ya kukukosesha usingizi. Tuangalie shingo.

Kazi ya shingo na macho

Kichwa cha mtu mzima huwa na uzani wa takriban kilo 4.5 hadi 5, yaani zaidi ya pakiti mbili za unga wa ugali za kilo mbili. Mzigo huo hubebwa na pingili saba za shingo. Kichwa kikiwa kimekaa wima juu ya mabega, misuli haifanyi kazi kubwa. Kikisogezwa mbele, misuli ya nyuma ya shingo huanza kukivuta kisianguke. Mnamo 2014, daktari wa upasuaji wa mgongo wa New York, Kenneth Hansraj, alikadiria kwa hesabu kwamba kichwa kilichoinamishwa nyuzi 15 huilemea shingo kwa uzito wa karibu kilo 12, na kikiinamishwa nyuzi 60 mzigo hufika karibu kilo 27. Hayo ni makadirio tu, lakini yanaonyesha kwa nini mtu anayeinama saa nyingi huamka akiwa na shingo ngumu.

Kuhusu kugeuka, shingo ya kijana mwenye afya inaweza kugeuka takriban nyuzi 80 kila upande, na karibu nusu ya mwendo huo hufanyika kati ya pingili ya kwanza na ya pili. Kugeuka nyuzi 15 au 20 ni kazi nyepesi. Kinachoumiza ni kukishikilia kichwa mahali pamoja muda mrefu, au kukigeuza upande huu huku macho yakivutwa upande ule, mara mia kwa usiku mmoja.

Macho nayo yana utaratibu wake. Huwa tunadhani tunaona kila kitu mbele yetu kwa uwazi, lakini sehemu ya jicho inayoona vizuri kabisa ni ndogo mno, kiasi cha nyuzi mbili hivi. Ndiyo maana macho hayatulii. Hurukaruka kutoka jambo moja hadi jingine. Kitu kikiwa karibu na katikati, macho huenda peke yake. Kikiwa mbali zaidi ya nyuzi 15 au 20 hivi, kichwa hufuata. Hufuata chenyewe, bila ya wewe kukiamuru.

Skrini inapozidi uwezo wa macho

Sasa tupige hesabu kidogo. Skrini ya inchi 24 ina upana wa takriban sentimita 53. Ukikaa sentimita 60 mbele yake, inachukua nyuzi 48 za upeo wa macho yako, yaani nyuzi 24 kila upande. Macho yanaweza kufika pembeni kichwa kikisogea kidogo tu.

Skrini ya inchi 43, ambayo ni ukubwa wa runinga katika nyumba nyingi, ina upana wa sentimita 95 hivi. Ukiiweka sentimita zilezile 60 kutoka usoni, inachukua nyuzi 77, yaani zaidi ya nyuzi 38 kila upande. Macho hayawezi kufika huko kwa starehe. Ni lazima kichwa kigeuke.

Hapa ndipo vurugu huanzia. Tuseme mita ya mafuta iko kwenye pembe ya kulia ya skrini. Unataka kuisoma, kichwa kinageuka kulia. Kamera inaona kichwa kimegeuka na kudhani unataka kutazama nje ya dirisha. Picha yote inageuka, na ile mita inakukimbia kuelekea kushoto. Unarudisha kichwa, mita inarudi pembeni. Baada ya kuzungushwa hivi mara kadhaa, mwili hupata dawa yake mbaya: hukaza misuli ya shingo ili kichwa kisisogee hata kidogo, kisha huyavuta macho kwa nguvu hadi pembeni. Mtu anaweza kukaa hivyo saa mbili bila kujua kwamba shingo yake imefungwa kama kwa msumari.

Nilimhudumia kijana wa miaka 23 anayesomea urubani aliyekuwa na tatizo hili hasa. Alikuja akisema ana ugonjwa wa mgongo, na hofu yake kubwa ilikuwa kwamba angeshindwa katika uchunguzi wa afya ambao kila anayetaka leseni ya rubani lazima apitie. Maumivu yalianzia chini ya kisogo, yakashuka hadi bega la kulia na kupanda hadi juu ya jicho. Mikono yake ilikuwa na nguvu, hisi zake zilikuwa sawa, na hapakuwa na dalili ya mshipa wa neva kubanwa. Nilipomwomba anieleze jinsi anavyokaa, alisema alikuwa amenunua runinga ya mitumba ya inchi 43 na kuisimamisha kwenye meza ileile ya skrini yake ya awali, karibu kiasi cha kuigusa kwa mkono. Hakuhitaji kupigwa picha ya eksirei. Alihitaji futi ya kupimia.

Kwa nini mtu huhisi kutapika?

Malalamiko ya pili ni kizunguzungu na kichefuchefu. Ndani ya sikio, mbali na sehemu ya kusikia, kuna vijifereji vyenye majimaji vinavyoueleza ubongo kichwa kimegeuka kiasi gani. Ukigeuza kichwa nyuzi 15, sikio hutoa habari ya nyuzi 15. Lakini macho yanaona dunia kwenye skrini imegeuka nyuzi 90. Habari hizo mbili hazipatani. Ubongo ukipokea habari zinazopingana, mwenyewe hutokwa na jasho jembamba, huanza kupiga miayo, mate hujaa mdomoni, na hatimaye tumbo huvurugika.

Ugonjwa huu wa simuleta si mpya. Uliandikwa kwa mara ya kwanza mnamo 1957 huko Marekani miongoni mwa watu waliotumia simuleta ya helikopta. Uchunguzi uliofanywa katika jeshi la wanamaji la nchi hiyo mnamo 1958 ulionyesha jambo la kushangaza: walimu wa urubani walioathirika walikuwa asilimia 60, ilhali wanafunzi walikuwa asilimia 12 pekee. Maelezo yanayotolewa ni kwamba mwili wa rubani mzoefu unajua vyema ndege halisi huhisije, kwa hivyo hutambua upesi kwamba inayoonekana ni ya uongo. Rubani mwenye saa nyingi za angani akihisi kutapika mbele ya kompyuta ya mwanawe, asione haya.

Skrini kubwa huongeza tatizo hili. Kadiri picha inavyojaza upeo wa macho, ndivyo ubongo unavyoamini kwamba ni mwili unaosonga. Picha ikichelewa kufuata kichwa, hata kwa sehemu ndogo ya sekunde, hali huwa mbaya zaidi.

Jinsi ya kupanga

Kwanza, pima umbali. Chukua upana wa skrini yako, uongeze sehemu moja ya kumi, na hapo ndipo uso wako unapofaa kuwa. Skrini ya inchi 32 ina upana wa sentimita 71, kwa hivyo kaa karibu sentimita 80. Ya inchi 43 yataka kama sentimita 105. Runinga ya inchi 55, yenye upana wa sentimita 122, yataka karibu sentimita 135. Kwa umbali huo, skrini yoyote itachukua nyuzi 50 hivi za upeo wako.

Msomaji anaweza kuuliza, sasa faida ya skrini kubwa ni ipi kama nitaisukuma mbali hadi ionekane kama ndogo? Faida ipo. Jicho hukaza misuli yake ili kuona kitu kilicho karibu, nayo misuli hiyo hulegea kitu kikiwa mbali. Kutazama skrini iliyo umbali wa mita moja kunachosha kidogo kuliko kutazama iliyo nusu mita, na wenye umri wa zaidi ya miaka 40 wataona tofauti hiyo upesi. Anayependa picha imjae machoni anaweza kusogea hadi sentimita 82 kwa skrini ya inchi 43, ambapo itachukua nyuzi 60. Zaidi ya hapo anaitafutia shingo kazi.

Pili, angalia kimo. Ukikaa wima, macho yatazame katikati ya skrini yakiwa yameteremka kidogo. Runinga ya inchi 43 ikisimamishwa moja kwa moja juu ya meza ya kawaida, hupatana vizuri na macho ya watu wengi. Hatari iko kwa runinga iliyotundikwa ukutani kama ilivyo sebuleni, juu ya kabati. Kuinua kidevu saa nzima hubana viungo vidogo vya nyuma ya shingo, na ni vibaya kuliko kugeuka kando.

Tatu, angalia kamera. Skrini ikirudi nyuma, kamera iliyo juu yake hurudi nayo. Ikiwa sasa inakosa alama za kofia yako, ipe kisimamio chake na uisogeze karibu. Hakikisha hakuna dirisha nyuma yako. Mwanga wa jua la alasiri huichanganya kamera, na picha inaporukaruka, wa kwanza kuumia ni tumbo lako. Taa kali na vitu vinavyong'aa nyuma ya kiti pia viondolewe.

Nne, na hili ndilo kubwa, rekebisha ukuzaji wa mwendo. Programu za vifaa hivi huonyesha mchoro wenye mstari unaoeleza picha igeuke kiasi gani kwa kila kiasi cha kichwa. Fanya jaribio hili. Kaa kama unavyokaa siku zote, mabega yakiwa yamelegea, kisha soma maandishi yaliyo ukingoni mwa skrini bila kukizuia kichwa. Angalia programu inasema kichwa kimegeuka nyuzi ngapi. Rudia upande wa pili. Tuseme ni nyuzi 10. Basi upange mstari ili kati ya 0 na 12 picha isisogee, au isogee polepole sana. Hiyo ndiyo sehemu tulivu, ambamo una ruhusa ya kusoma skrini yako yote bila dunia kugeuka. Baada ya hapo, mstari upande kwa haraka, ili kichwa kikifika nyuzi 25 au 30 uwe umeona mpaka nyuma ya bawa. Usipite hapo, kwa kuwa kichwa kikienda nyuzi 40 kulia, macho hulazimika kujivuta nyuzi 40 kushoto ili yaione skrini.

Kila unapobadilisha skrini au kiti, jaribio hili lirudiwe. Vipimo vya rafiki yako havikufai. Shingo si zenu nyote.

Kwa mwendo wa juu na chini, punguza kazi ya kuinua kidevu. Panga kwamba ukikiinua kidogo tu, unaona anga juu ya paa la ndege. Mwendo wa kulaza kichwa begani uzime kabisa, kwani faida yake ni ndogo na huchangia kizunguzungu.

Tano, usisogelee skrini ili usome mita. Vifaa vingi hukuruhusu kusogeza uso mbele ili picha ikaribie. Matokeo yake ni mtu kunyoosha shingo kama kobe anayechungulia kutoka gambani. Kazi ya kukuza picha ipe kitufe kwenye usukani.

Sita, picha iende bila kusitasita. Picha 30 kwa sekunde zinazoenda sawasawa ni afadhali kuliko 60 zinazoanguka hadi 20 ukikaribia mji. Punguza mapambo ya mawingu na majengo kama kompyuta yako haiyawezi. Vilevile, sehemu ya programu inayolainisha mwendo isizidishwe, kwa sababu hiyo ndiyo inayochelewesha picha.

Saba, anza polepole. Siku tatu za kwanza na skrini mpya, tosheka na dakika 20 au 30. Ukihisi jasho jembamba au miayo, acha papo hapo, tazama kitu kilicho mbali na upate hewa baridi. Kuvumilia hakuufunzi mwili. Huufunza kuichukia simuleta. Dawa za kuzuia kichefuchefu safarini huleta usingizi, kwa hivyo si za kumezwa ili mtu aendelee kurusha.

Hata baada ya kuzoea, pumzika kila baada ya dakika 20 kwa kutazama kitu kilicho mita sita au zaidi kwa sekunde 20. Watu hupepesa macho mara chache sana wanapotazama skrini, ndipo macho hukauka na kuwasha. Kila saa, simama. Vuta kidevu nyuma bila kukiinua, uhesabu tano, uachilie; fanya mara kumi. Kisha kaza mabega yakutane nyuma, mara kumi tena.

Wanaovaa miwani

Wenye miwani ya sehemu mbili, ya kuonea mbali juu na ya kusomea chini, wana taabu ya pekee. Ili wasome skrini kupitia sehemu ya chini, huinua kidevu. Kamera nayo huona kichwa kimeinuka na kuipeleka picha mawinguni. Wenye miwani ambayo nguvu zake hubadilika taratibu kutoka juu hadi chini huona vizuri katikati tu, kwa hivyo hugeuza kichwa kwa kila kitu.

Dawa ni rahisi. Pima kwa futi umbali kutoka machoni hadi skrini, uandike, na umpelekee mtaalamu wa macho. Mwombe miwani ya nguvu moja ya umbali huo. Kumwambia tu kwamba unatumia kompyuta hakutoshi, maana yeye atadhani ni ile iliyo nusu mita kutoka usoni.

Wanaoruka kweli

Kwa mwanafunzi wa urubani kuna maonyo mawili zaidi. La kwanza ni kwamba kifaa hiki hufunza shingo uvivu. Nyumbani, nyuzi 20 hukuonyesha kila kitu. Angani hakuna anayekukuzia mwendo. Asiyegeuza kichwa vya kutosha haioni ndege inayokuja kutoka ubavuni. Kabla ya kila safari halisi, geuza kichwa polepole hadi mwisho kila upande, na ujikumbushe kwamba leo ni shingo yako yenyewe itakayofanya kazi.

La pili ni kwamba athari za simuleta zinaweza kubaki baada ya kuizima. Mtu anaweza kuhisi sakafu inayumba au kushindwa kulenga macho kwa muda wa saa kadhaa. Ukiwa na kizunguzungu, usishike usukani wa gari wala wa pikipiki hadi kiishe. Usiku wa kuamkia siku ya kuruka, afadhali usirushe simuleta kwa muda mrefu. Na ukiwa na dalili hizo mara kwa mara, mweleze daktari anayekupima kwa ajili ya leseni. Wengi huficha kwa kuogopa kunyimwa, ilhali tatizo lililoelezwa mapema huchunguzwa na mara nyingi hutatuliwa. Lililofichwa huruka nawe.

Wakati wa kumwona daktari

Shingo iliyochoka kwa kukaa vibaya huanza kupata nafuu katika wiki mbili au tatu baada ya kurekebisha skrini. Kitambaa kilichochovywa katika maji moto na mazoezi mepesi husaidia. Kumeza ibuprofen au diclofenac kila siku ili uendelee kukaa vilevile hakufai, kwani dawa hizo zikitumiwa ovyo huleta vidonda vya tumbo na huweza kudhuru figo.

Jambo jingine la kuepuka ni lile la baadhi ya vinyozi kumalizia kazi kwa kukamata kichwa cha mteja na kukizungusha ghafula hadi shingo ilie. Mishipa miwili ya damu iendayo kwenye ubongo hupita ndani ya pingili hizo. Si jambo la kila siku, lakini mshipa huo ukichanika mtu anaweza kupatwa na kiharusi.

Nenda hospitalini bila kukawia ukiona maumivu yanashuka hadi mkononi pamoja na ganzi, mkono unaishiwa nguvu na kuangusha vitu, miguu inakuwa mizito, au unashindwa kuzuia mkojo. Vivyo hivyo kwa shingo ngumu yenye homa na maumivu makali ya kichwa, maumivu yanayokuamsha usiku huku ukikonda, au maumivu yaliyoanza baada ya ajali. Kizunguzungu kinachokuja hata siku ambayo hukugusa simuleta, au kinachoandamana na mdomo kwenda upande au ulimi kuwa mzito, kisilaumiwe skrini.

Yule kijana aliisogeza meza yake kutoka ukutani, akaiweka runinga kwenye rafu iliyo nyuma ya meza, akafanya lile jaribio la ukingo na kukuta kichwa chake hugeuka nyuzi 11. Alipanga sehemu tulivu hadi 13. Baada ya wiki tatu maumivu yalikuwa yamekwisha, na bado anarusha jioni, saa moja badala ya tatu. Gharama yake yote ilikuwa rafu ya mbao na futi ya fundi cherehani aliyoiazima kwa mamake.